Picha Kumi na Moja

Picha iliyoleta shida ilikuwa nzuri, na mtaa mzima ulikubali hivyo. Mtoto wa miaka mitatu ameketi kwenye kigoda, nyuma yake pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Gauni la waridi, soksi zimevutwa hadi magotini, uso umepakwa mafuta mpaka unang'aa. Hacheki, halii. Shosho wake alimpeleka studio kwa basi, akalipa, akaituma Saudia alikokuwa mamake akifanya kazi za nyumba. Wiki chache baadaye simu ikapigwa pale dukani kwetu Jericho.

"Mbona ametulia hivyo?" mama aliuliza. "Ni mgonjwa?"

Shosho akamwambia mtoto ni mzima kabisa, anakula chakula chake na cha jirani. Mama hakuamini. Aliondoka mtoto akiwa hajatimiza mwaka, na hata wakati huo kumvalisha nepi ilikuwa ni kumfukuza kitanda kizima. Sasa anaonyeshwa mtoto aliyekaa kama amekatazwa kupumua. Basi maswali mengine yakafuata, ambayo Shosho alinisimulia huku akitazama kando. Anachapwa? Anafungiwa ndani? Pesa ninazotuma zinamfikia yeye kweli?

"Kijana," Shosho akaniambia, "wewe una kamera. Kapige hako katoto vile kalivyo."

Ilikuwa mwaka 2001. Kamera yangu ilikuwa ya plastiki, niliuziwa na binamu, nami nilipiga picha za harusi ndogo ndogo na za vijana waliotaka kuegemea gari la mtu mwingine. Ndani yake kulikuwa na filamu ya 36, na 25 zilikuwa zimeshakwenda kwenye sherehe ya ruracio. Zilibaki kumi na moja. Nilijiambia zinatosha na kubaki.

Anayejua kamera zile anacheka sasa hivi. Hazina cha kurekebisha. Lenzi imefungwa palepale ilipofungwa kiwandani, kwa hivyo kitu kikikaribia zaidi ya mita moja na nusu hivi kinatoka ukungu, na mtoto akiona kamera jambo la kwanza ni kuja kuishika. Kasi ni moja tu, haiwezi kukamata mkono unaopunga. Kale katundu ka kuchungulia kako kando ya lenzi, kwa hivyo ukisogea karibu, unachokiona wewe sicho inachokiona kamera. Vichwa vingi vya watu wa Eastlands vimekatwa kwa sababu hiyo, halafu mpigapicha akaambiwa alikuwa amelewa. Ukiwasha fleshi, unangoja ilie kasauti kake ka mbu mpaka kataa kawake. Mtoto gani atakungoja?

Nilianza vibaya. Nilienda saa saba mchana, jua la utosi, macho ya mtoto yakageuka mashimo mawili meusi. Nikasema "cheka", akanionyesha meno yote kama anayekaguliwa. Kisha watoto wa ploti nzima wakatokea, "Tupige! Tupige!", wakajipanga mbele yake, wakubwa wakikunja mikono kama wanamuziki. Nilipowaondoa, yeye naye alikuwa ameondoka nao. Nikamfuata nikibonyeza ovyo. Picha nne zikaisha hivyo. Nilikuja kujua baadaye kwamba mbili zilikuwa kisogo chake, moja mbwa, na ya nne kitu cha waridi kinachopita kama moshi.

Nikaweka kamera chini, nikakaa kwenye ngazi. Shosho akaniletea chai. Hakusema kitu, lakini nilimwona akihesabu.

Nikiwa pale nikaona wanacheza brikicho. Mkubwa mmoja amefunika uso ukutani anahesabu, wengine wanatawanyika. Sasa, mtoto wa miaka mitatu hajui kujificha. Anajificha palepale kila mara, na hawezi kuvumilia kutotafutwa. Yeye alijibanza nyuma ya pipa la maji kwenye kona ya nyumba, halafu kila baada ya muda mfupi kichwa kinatoka kuhakikisha kwamba bado anatafutwa. Kinatoka, kinasimama kidogo, kinarudi. Kile kisimamo kilikuwa kama nusu sekunde hivi, na kilikuwa mahali pamoja.

Kumbe sikuhitaji kumtuliza. Nilihitaji kujua atatulia wapi.

Nilingoja hadi saa kumi. Kona ile ikawa kivulini, na ukuta wa nyumba ya pili uliokuwa bado juani ukawa unamrudishia mwanga usoni taratibu, kazi ambayo studio hununulia mwamvuli mweupe. Nikapima hatua mbili kubwa kutoka kwenye pipa. Nikalala kifudifudi, shati langu jeupe kwenye vumbi, mpaka lenzi ikawa usawa wa macho yake. Miaka michache kabla, mwaka 1997, vijana wa MYSA kule Mathare walipewa kamera za plastiki kama yangu na mpigapicha Lana Wong, na picha zao zikawa kitabu mwaka 1999. Nilikuwa nimekiona kwa rafiki, na nilichokipenda ni kwamba mpigaji hakuwa mgeni pale anapopiga. Mimi nilikuwa nimezoea kupiga watoto kutoka juu, kama mwalimu wa zamu.

"Niko wapi?" akaita kutoka nyuma ya pipa.

"Sijui!" nikajibu.

Kichwa kikatoka. Nikabonyeza. Tukarudia hivyo mara tano, na kila mara aliamini kwamba sijamwona. Ya sita, pumzi ya mwisho ya filamu ile kabla ya moja niliyomwekea Shosho, alichoka kujificha akatoka nje juani akicheka kwa tumbo, mikono juu, nami nikapiga nikiwa nimepiga magoti.

Filamu ikaoshwa mjini. Tulichagua tatu. Shosho alisitasita kwa sababu nywele hazikuchanwa na kamasi ilionekana, lakini akazitia bahasha, pamoja na ile yake aliyokaa wima, mikono mapajani.

Simu ilipokuja nilikuwa dukani. Shosho alishika mkono wa simu kwa mikono yote miwili, akasikiliza muda mrefu. Kisha akaanza kupiga kelele, maana Saudia ni mbali.

"Alianguka! Ni kidonda cha kuanguka, juu ya nyusi, kimepona! ... Kivuli? Kivuli gani? ... Ah, hicho! Ni huyu kijana wa mpigapicha, jua lilikuwa nyuma yake! ... Hapana, hakuna mwanamume hapa, nakuambia ni kijana wa jirani!"

Watu wote dukani wakanigeukia. Shosho akasikiliza tena, sasa akitikisa kichwa polepole. Akaziba simu kwa kiganja.

"Anasema umekata miguu," akaniambia. "Mara nyingine upige na miguu. Anataka kuona kama vile viatu alivyotuma bado vinamtosha."