Madirisha ya Nailoni Katika Nchi ya Baridi

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya huanza safari juu na kuimaliza juu. Iringa iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mbeya kama mita 1,700. Katikati barabara huteremka kando ya bonde la Usangu lenye joto na vumbi, kisha hupanda tena. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya alfajiri huku juu hukata vidole.

Katika miji hii miwili bajaji ni nyingi, na nyingine zimefungwa ubavuni turubai lenye dirisha la plastiki angavu, ambalo watu huliita nailoni. Mvua ikinyesha hushushwa. Jua likitoka huinuliwa na kufungwa juu. Hapo kwenye kuinua ndipo hasara huanzia. Nailoni hiyo hukakamaa kwa baridi. Anayeikunja alfajiri kama shuka huiachia mkunjo mweupe, na baadaye hupasuka papo hapo. Vumbi nalo huikwaruza kama msasa, mpaka dirisha linafifia kama jicho lenye mtoto wa jicho. Dereva asiyeiona pikipiki ijayo ubavuni huhatarisha roho za watu.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa kijana wako ana chombo cha namna hii, mwambie hivi. Kwanza aondoe vumbi kwa maji mengi na kitambaa laini, wala asisugue pakavu, wala asitumie petroli. Aache likauke na kupata jua kidogo. Kisha atandaze juu yake kitambaa safi, kanga kuukuu yatosha, aviringishe kutoka chini kwenda juu bila kubana, wala asikunje. Mwisho afunge kwa mikanda mipana, si kwa kamba nyembamba.

Kutoka Mbeya barabara hupita Tukuyu na kushuka mpaka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambalo maji yake yako chini ya mita 500. Huko joto hulainisha nailoni, lakini ikibanwa ingali ya moto hunatana. Mwenye boti lenye turubai la madirisha naye afuate njia hiyo hiyo, asiviringishe likiwa limelowa. Fedha ya turubai jingine ingenunua madaftari ya watoto.