Moto wa Mwezi wa Sita

Nilikozaliwa mimi, bara ya Kilwa, moto haukuwa na mwenyewe. Masika yakiisha na kusi ikianza kukausha nyasi, kila mtu alikuwa na sababu yake ya kuwasha kiberiti: mrina asali, mwindaji aliyetaka kuona mbali, mkulima anayesafisha shamba. Kufika mwezi wa tisa pori lote lilikuwa kavu, na moto uliotoka katika shamba la mtu ulitembea usiku kucha hadi mikorosho ya kijiji cha pili. Tuliuita moto kichaa, na asubuhi hakuna aliyeulizwa.

Marehemu baba aliniambia haikuwa hivyo tangu zamani. Kabla ya watu kukusanywa vijijini mwaka 1974, kila ukoo ulichoma kandokando ya makazi yake mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, ili moto wa kiangazi usipate chakula. Tulipohamia kijijini, kule tulikotoka kukabaki pori lisilo na mtunzaji. Juu ya hayo msitu ukahesabiwa kuwa wa serikali. Maofisa walikuja mara chache, wakapiga marufuku moto wa kila namna, wakaondoka. Watu wakawa wanachoma kwa kificho, na mtu anayechoma kwa kificho hasubiri upepo utulie wala haiti jirani amsaidie kuulinda.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa pale Rufiji, na malori ya magogo yakaongezeka. Lakini sheria mpya ya misitu, iliyopitishwa mwaka 2002, ilikuwa imetupa njia ya kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, kuuandikia mpango na sheria ndogo, na kubaki na mapato yake. Majirani zetu wa kijiji cha Kikole walitangulia. Mwaka 2009, kwa msaada wa shirika la uhifadhi la MCDI, misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Hapo ndipo mpingo ulipoanza kuhesabiwa mti kwa mti, na hapo ndipo hasara ya moto ilipoonekana kwa macho. Mche wa mpingo huungua hadi chini, ukachipua, ukaungua tena mwaka unaofuata. Unaweza kukaa miaka mingi usivuke kimo cha nyasi. Mti mkubwa haufi kirahisi, lakini moto hupenya kwenye jeraha la gome, na gogo likiwa na uwazi ndani, mtengeneza klarineti halitaki.

Kwa hiyo wataalamu walipokuja kutufundisha kuchoma mapema, wazee hawakushangaa. Kilichokuwa kipya ni utaratibu. Kamati ya maliasili hupita msituni mwishoni mwa masika na kushika nyasi kwa mkono. Huchoma jioni, vipande vipande, moto wa chini unaojizimia kwenye umande na kuacha mabaka. Moto wa mwezi wa kumi ukija, hukuta baka jeusi na kukatika. Sipendi tarehe iliyopangwa ofisini. Mvua zikichelewa kukatika, mwezi wa sita nyasi hazishiki moto. Zikikatika mapema, tayari ni hatari. Uamuzi wa lini kuchoma uachwe kwa walioko msituni.

Siku hizi kinachonitia wasiwasi ni ufuta. Bei ikiwa nzuri, mashamba mapya hufyekwa hadi mpakani mwa hifadhi, na moto wa kusafisha huwashwa kwenye jua kali, mvua zikikaribia. Sheria ndogo yetu inamtaka mkulima atoe taarifa kwa mwenyekiti na majirani, na alime barabara ya kuzuia moto kuzunguka shamba kabla ya kuwasha. Katika mkutano mkuu wa kijiji vijana walilalamika kwamba barabara hiyo inawalia siku nzima za kazi, na wengi hawana wa kuwasaidia. Ni kweli, kazi ni nzito. Ndiyo maana nimeshikilia kwamba sehemu ya fedha za mpingo iwalipe vibarua wa kulima barabara hizo, hata kama ukarabati wa ofisi ya kijiji utasubiri mwaka mwingine.