Duluth: Mji wa Bendi ya Mume na Mke

Wageni wengi wakifika Minnesota, Marekani, huishia Minneapolis kwenye maduka makubwa. Mimi na mwenzangu tuliamua kuendelea kaskazini, kama kilomita 250 hivi, hadi Duluth. Kisa? Muziki, bwana! Huko ndiko ilikoanzishwa Low mwaka 1993, bendi ya roki ya Alan Sparhawk na mkewe, Mimi Parker. Ndiyo, jina lake ni Mimi. Kila nikisema, "Hapa Mimi aliimba vizuri," mwenzangu ananidaka, "Wewe? Lini?"

Mtu wa Mwanza akifika Duluth atajisikia nyumbani, mpaka baridi imkumbushe yuko wapi. Mji umepanda mlima, na chini yake kuna Ziwa Superior, ziwa la maji yasiyo na chumvi linaloizidi hata Victoria yetu kwa eneo: kilomita za mraba 82,000 hivi, dhidi ya karibu 69,000. Bandarini kuna daraja la chuma ambalo hunyanyuliwa juu kupisha meli za mizigo. Mkipenda kutembea mmeshikana mikono, hapo ndipo penyewe.

Sisi tulipanda mlima kwenda Sacred Heart, kanisa la Kikatoliki lililojengwa miaka ya 1890, ambalo sasa ni ukumbi wa muziki. Kinanda chake kikubwa cha mabomba, cha mwaka 1898, bado kipo. Tuliingia siku ya onyesho. Mtu mmoja alikohoa viti vya nyuma, kikohozi kikatembea mpaka mbele!

Humo ndimo Low walimorekodia albamu ya Trust, iliyotolewa mwaka 2002 na Kranky, kampuni huru ya Chicago. Wakarudi tena kurekodi C'mon, iliyotoka mwaka 2011.

Studio ya kawaida huwekewa vitu vya kumeza sauti ukutani, halafu mwangwi unaongezwa baadaye kwa mashine. Kanisani mambo ni kinyume. Unagusa gitaa mara moja, dari inakujibu. Ukiwa na haraka, noti zinapandana, inakuwa vurugu tupu. Lazima usubiri ya kwanza iishe ndipo utoe ya pili.

Kwa Low hiyo haikuwa taabu. Walipiga polepole, Mimi akiwa amesimama na ngoma chache tu, mara nyingi akitumia brashi badala ya fimbo. Enzi zao za mwanzo, watu wakipiga soga ukumbini, wao walishusha sauti badala ya kuipandisha. Hebu jaribu hiyo siku mkigombana nyumbani!

Usidhani yalikuwa mapenzi ya kwenye sinema. Hawa walijuana tangu shule ya msingi, wakaoana, wakazaa watoto wawili, na kazi yao ilikuwa moja. Mwaka 2005 Alan aliugua akili na ziara ikakatishwa. Ukifanya kazi na mwenzio, ya ofisini na ya chumbani hulala kitanda kimoja. Lakini sikiliza wanavyoimba pamoja: hakuna sauti inayoimeza nyenzake.

Mimi alifariki tarehe 5 Novemba 2022 kwa saratani ya ovari. Bendi ikaishia hapo. Alan anaendelea na muziki wake mwenyewe.

Mkipanga safari, nendeni kiangazi, na mwangalie kwanza ratiba ya ukumbi. Kabla ya kuondoka, zisikilizeni albamu hizo mbili usiku, taa zikiwa zimezimwa. Mtamsikia mwanamke akiimba na mumewe ndani ya jengo lililo mjini kwao, na jengo likiwaitikia.

Picha za mwenzio najua unazo kwenye simu, tena mamia. Sauti yake je, unayo?