Dada wa Hesabu Aliyefungia Tasnifu Yake Kabatini

Wadau, ukisikia mtu ni profesa wa hesabu Marekani, unapata picha ya vijana wa PhD wamemzunguka na safari za mikutano zisizoisha. Dada huyu (jina liachwe) hana hata mwanafunzi mmoja wa PhD, na hapo alipo hatampata.

Anafundisha chuo kidogo Pennsylvania, vile vya sanaa huria: shahada ya kwanza tu, na anayesoma hesabu asubuhi mchana unamkuta darasa la muziki. Darasani ni watu 20. Anawajua wote kwa majina, na anajua nani kaachwa na mpenzi wiki hii. Masomo matano kwa mwaka, kusahihisha usiku, mlango wa ofisi haufungwi. Raha yake ndiyo hiyo, na mtego wake ni huohuo.

Maana ajira yake bado si ya kudumu. Mwaka wa 6 faili linakwenda kwenye kamati: ufundishaji, maoni ya wanafunzi, na tafiti zinazosomwa na wataalamu wa nje. Wakisema hapana, anapewa mwaka mmoja wa kuaga. Mtaani wanadhani profesa hafukuzwi. Anafukuzwa vizuri tu, tena kwa barua ya adabu.

Miaka 3 ya mwanzo aling'ang'ania swali la tasnifu yake. Swali zito, linataka siku nzima za utulivu, na siku hizo hana. Jumapili usiku anafungua daftari, akikumbuka alipoishia tu, usingizi huo. Msimamizi wake wa zamani alimwambia wazi kwamba anajizika pale.

Kilichomtoa ni mafundo. Kwenye hesabu, fundo ni kamba iliyofungwa halafu ncha zake zikaunganishwa. Sasa utajuaje kama halifunguki kabisa, au ni wewe hujajaribu vya kutosha? Mwaka 1956 Ralph Fox wa Princeton alitoa mihadhara ya mafundo Haverford, chuo kidogo cha hukohuko Pennsylvania, na ile mbinu yake ya rangi tatu inaeleweka hata na mtoto wa mwaka wa kwanza. Chora fundo, kila kipande kipake rangi moja. Kamba inapopita juu ya nyingine vinakutana vipande vitatu: viwe rangi moja vyote, au kila kimoja na yake. Kupaka fundo zima rangi moja ni marufuku. Fundo la kupishana mara 3 linakubali. Duara tupu halikubali, kwa hiyo fundo lile halitafunguka milele.

Binti wa mwaka wa pili akajaribu fundo la namba nane. Likagoma.

"Prof, hili halipakiki, na halifunguki pia. Kwani lazima ziwe tatu?"

Si lazima. Ukiweka namba 0 hadi 4 badala ya rangi, na kanuni yake, linakubali. Hilo linajulikana siku nyingi, lakini swali lilizaa jingine, na likizo nzima wakalifanyia kazi wawili. Likatoka andiko fupi. Hesabu hupanga waandishi kwa alfabeti, hivyo jina la binti limetangulia la mwalimu wake.

Kuna watakaoliona la kitoto. Faili limeshapelekwa, jibu bado. Binti naye keshaanza kusumbua kuhusu 7.