Mlima wa Shangazi

Tembea uone, walinena wahenga. Sisi wa Mariakani tumezoea joto na malori yanayongoja mizani. Likizo ya Agosti nikaenda Naivasha kwa shangazi, mchuma maua. Loo, baridi ile! Jumamosi mji ulijaa wageni kutoka Nairobi. Nami nikaandamana na baadhi yao kuupanda Longonot, mlima wa volkano wa mita 2,776. Kule juu nikachungulia shimoni: msitu mzima umeota ndani!

Jioni nikamsimulia shangazi, naye miguu kaitia kwenye beseni la maji moto.

"Miaka tisa nauona kila asubuhi, sijaupanda," akasema. "Jumapili ndiyo siku ya kufua, mwanangu."

Nikanyamaza. Jumapili hiyo nikafua mimi. Shangazi akalala hadi saa nne.