Kuchagua Vitabu vya Kuandikia Programu

Hapa Mkumbara tuliletewa sanduku la vitabu vya kujifunzia kuandika programu za kompyuta. Tulitumia siku nzima kuvichagua, maana kijana asomaye kitabu kisichopatana na mashine yake hujiona mjinga, akaacha.

Vingi vilikuwa vya Python, lugha iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Lakini toleo la 3, la mwaka 2008, lilibadili kanuni: neno print, liamrishalo mashine kuandika maneno kiooni, sasa lataka mabano. Toleo la 2 liliachwa kutunzwa mwaka 2020. Basi kila kitabu kilichoandika print pasipo mabano tulikitenga, japo jalada lang'aa. Wala uzee peke yake si kosa: kile cha lugha ya C, cha Kernighan na Ritchie, toleo la mwaka 1988, tulikihifadhi kabatini, maana misingi yake ingali ile ile. Ila ni kigumu kwa aanzaye.

Vyote ni vya Kiingereza. Kwa hiyo tulimpa kila kijana ukurasa mmoja atueleze maana kwa Kiswahili. Walichokieleza vizuri kuliko vyote kilikuwa chembamba, hakina picha, chenye mazoezi kila mwisho wa sura. Ndicho tulichoanza nacho Jumatatu.