Nyumba za Mawe za Unguja

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mmekwisha kusikia habari za Mji Mkongwe wa Unguja, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mimi pia nalikuwa nimesikia, lakini kusikia si kuona. Katika likizo ndefu iliyopita baba alinipeleka kwa shangazi yangu aliyeolewa huko. Tulipanda basi Kampala, tukavuka mpaka Mutukula, tukafika Dar es Salaam miguu imevimba. Hapo tukapanda boti, na baada ya saa mbili hivi tukafika Unguja.

Shangazi anafanya kazi ya kutandika vitanda katika hoteli ndogo yenye vyumba 9. Msidhani ni jumba jipya la vioo. Ni nyumba ya kale iliyokuwa ya mfanyabiashara mmoja, sasa imetengenezwa na kulaza wageni. Bei ya usiku mmoja sitaitaja, msije mkakosa usingizi. Msimamizi ni mtu mwema, akaniruhusu kuingia asubuhi wageni walipokuwa wametoka.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni vyumba vyenyewe: virefu sana, lakini vyembamba. Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza ukuta wa uani, ambaye kila mtu humwita Fundi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Nalimwuliza kwa nini tajiri yule alijenga vyumba vyembamba hivi. Fundi akacheka. "Chumba cha hapa hakipimwi kwa utajiri," akasema, "hupimwa kwa boriti." Akanionyesha dari. Boriti ni miti ya mikoko, na zinazofaa kubeba dari kwa kawaida hazizidi mita 3 hivi. Basi upana wa chumba ni urefu wa boriti, awe mwenyewe tajiri au maskini.

Kuta nazo ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene kiasi cha nusu mita au zaidi, ndiyo maana ndani mna ubaridi hata jua la saa saba. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo katika tanuri la magogo, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa muda mrefu ilainike. "Ukuta wa chokaa unapumua," Fundi aliniambia. "Ukiupaka saruji unauziba pumzi. Maji hubaki ndani, chumvi hutoka, na plasta hubanduka." Akanipeleka njiani akanionyesha nyumba ya pili yake, iliyopakwa saruji, nami naliona kwa macho yangu plasta imeanguka vipande vipande.

Milango pia ina habari yake. Ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni ya mtindo wa zamani zaidi. Ile yenye upinde juu ilienea mwishoni mwa karne ya 19, mafundi wa Kihindi walipokuwa wengi mjini. Nilihesabu milango 31 katika matembezi ya jioni moja, nikachoka kabla milango haijaisha.

Mji huu una nyumba zaidi ya 1,700. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, serikali ikatwaa nyumba nyingi, familia kadhaa zikawekwa katika nyumba moja, na fedha za matengenezo zikawa haba. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji. Baadaye wenye hoteli wakaanza kutengeneza nyumba za kale. Nyumba ya Hurumzi iliyokuwa ya tajiri Tharia Topan leo ni hoteli. Lakini si kila jengo lilipata bahati. Beit el-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa.

Jirani ya shangazi kuna bibi mmoja mwenye nyumba yake aliyoachiwa na wazee. Boriti mbili zimeoza na dari inavuja. Wanawe walioko Muscat wanataka kumkodisha mtu wa hoteli nyumba hiyo kwa miaka mingi. Jioni moja barazani bibi akaniuliza, "Wewe mwana wa shule, nieleze. Wakiitengeneza nyumba yangu, nami nisiweze kupita mlangoni, nyumba imepona au imekufa?"

Sikuwa na jibu. Shangazi akasema kwa adabu, "Bibi, ikianguka hatapita mtu yeyote."

Naona wote wawili walisema kweli. Kabla sijaondoka walikuwa wamepatana hivi: mwenye hoteli achukue ghorofa za juu, bibi abaki na vyumba vya chini na baraza, na mjukuu wake afundishwe kazi ya chokaa na Fundi. Lakini mkataba ulikuwa haujatiwa sahihi, na masika yalikuwa yakikaribia.

Wenzangu, jambo hili si la Unguja peke yake. Makaburi ya Kasubi, ambayo nyumba yake kuu ilijengwa na Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1882, yaliteketea kwa moto mwezi Machi 2010. Yaliweza kujengwa tena kwa sababu watu wa ukoo wa Ngeye walikuwa bado wanajua kuezeka kwa nyasi. Kama ujuzi ungalikufa, fedha peke yake zingalifanya nini? Pale Jinja nako kuna maduka ya kale ya Wahindi, na baadhi yake yameandikwa miaka ya kujengwa juu ya kuta. Anayepita huko ainue macho asome, kisha aulize ni nani anayejua kuyatengeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kuziba ufa kwataka mtu aliyefundishwa.